Daftari la Baba

Baba alifariki Bombo mwaka 1991. Aliacha baiskeli, redio mbovu na daftari lililojaa majina, kila jina na mahali alipozaliwa babu wa mtu huyo: Bombo, Entebbe, Arua. Tume ya Jaji Odoki ilikuwa ikikusanya maoni ya Katiba mpya, naye alitaka sisi Wanubi, wajukuu wa askari wa Emin Pasha, gavana wa zamani wa kusini mwa Sudan, tuandikwe humo kama kabila la Uganda. Aliwahi kuulizwa kabila katika ofisi moja. Akajibu Mnubi, karani akaandika Msudani.

Baada ya hitima, baba mdogo alikuja na wazee kulichukua daftari.

"Shemeji, tupe, tutaendelea wenyewe."

Mama alikuwa eda, nyuma ya pazia, akisuka kawa. Mimi nilikaa mlangoni kupokea maneno. Ukubwani nilisoma habari za Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, aliyeongoza maandamano Memphis, Marekani, tarehe 8 Aprili 1968, siku nne baada ya mumewe kuuawa. Mama yangu alikuwa na miezi minne na siku kumi za kukaa ndani.

"Mwambie baba yako mdogo," ukapita ukili mmoja, kisha mwingine, "humu wamo wanaume watupu. Halijaisha."

Wazee walikunywa chai yao wakaondoka. Nadhani walidhani ni majonzi.

Kumbe eda ilimfaa. Baba alikuwa akiwafuata watu kwa baiskeli. Kwa Mama walikuja wenyewe kumpa pole, wanawake kila alasiri, na hakuna aliyetoka kabla hajataja bibi yake alizaliwa wapi. Mwandishi nilikuwa mimi, darasa la sita, mkono unauma. Mama alisoma herufi za Kiarabu tu, za chuoni, lakini mstari ukipinda aliuona. "Futa hapo." Kurasa zilipokwisha tukaandika ndani ya jalada.

Katiba ya 1995 ilitutaja, Jedwali la Tatu, pamoja na makabila yaliyokuwa nchini tarehe 1 Februari 1926. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku aliyotoka eda. Alilifunga daftari kwenye kanga, akaenda nalo kwenye kikao. Baba mdogo alisimama, mikono tayari kulipokea. Mama akamsalimu vizuri, akaketi mkekani, akaliweka chini ya goti lake.

"Mwanangu atasoma," alisema. "Aanze na jalada."