Keki ya Boulia na vumbi jekundu

Mdogo wangu anaishi Boulia, kule Queensland, Australia. Mimi niko Alice Springs. Ukitaka kwenda kwake kwa lami tupu, unapanda kaskazini mpaka njia panda ya Three Ways, unakata kulia mpaka Mount Isa, halafu unashuka tena kusini, na hapo umetembea karibu kilomita 1,500. Ukipitia Plenty Highway ni kama 800. Hilo neno Highway ni heshima tu waliyoipa. Lami unaiona mwanzoni, ukishaacha barabara kuu kama kilomita 70 kaskazini ya mji, baadaye inakatika, na kuanzia hapo ni changarawe, mchanga na udongo mwekundu mpaka uchoke.

Mwaka juzi mtoto wa mdogo wangu alikuwa anatimiza mwaka mmoja. Nikaoka keki, nikaipaka krimu nyeupe, nikaiweka kwenye boksi la karatasi nyuma ya gari na kuifunika kitambaa. Tukalala njiani Jervois, kesho yake tukafika Boulia jioni. Nilipofungua mlango wa nyuma, mume wangu aliguna tu. Mito, mablanketi, mabegi, vyote vilikuwa na rangi moja. Keki ilikuwa kama tofali lililotoka tanuruni. Mdogo wangu aliichungulia akasema, "Dada, hii umeipamba kwa kakao?" Tulikata ile sehemu ya ndani tukala hivyo hivyo, na meno yakalia krachu krachu mbele ya wageni. Vumbi lilikuwa limezidi unga.

Nimekulia Singida, kwa hiyo vumbi si mgeni kwangu. Kabla lami haijafika, ukishuka kwenye basi mama yako mwenyewe alikuwa anakutambua kwa sauti. Lakini kule hatukuwahi kupambana nalo. Madirisha yalikuwa wazi, vumbi linaingia mbele linatokea nyuma, unajifunika khanga kichwani, safari inaendelea. Hili la huku ni la namna nyingine. Ni jekundu kwa sababu ya chuma kilichopata kutu ndani ya udongo, na karibu na mpaka wa Queensland kuna sehemu ni tifutifu tupu, laini kama poda ya mtoto. Wenyeji wanaliita bulldust. Linajaza mashimo mpaka juu, unaona barabara sawasawa kumbe chini kuna shimo la kumeza gurudumu. Ukiingia humo, vumbi linaruka kama maji, na linapita mahali ambapo hata maji yasingepita.

Sasa, tulikosea wapi? Tulifanya kile ambacho nadhani kila mtu angefanya. Tulifunga madirisha yote, tukafunga na ule mlango wa hewa ya nje ili feni izungushe hewa ya ndani peke yake. Nikajiona mjanja sana. Kumbe ndiko kulikaribisha vumbi lenyewe.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani yetu, mstaafu, aliyeendesha greda kwenye barabara hizi miaka mingi. Nilimkuta uani kwake nikamweleza habari ya keki. Akaniuliza swali moja tu: feni ilikuwa wapi? Nilipomjibu, akatikisa kichwa, akachukua kijiti akachora gari mavumbini. Gari likikimbia, akasema, linasukuma hewa mbele na kuacha pengo nyuma. Vumbi linalotimuliwa na magurudumu linakimbilia kwenye lile pengo, linajikunja, linaganda kwenye mlango wa nyuma likitafuta upenyo. Na upenyo haukosekani, kwa sababu hakuna gari lisilovuja. Kama hewa ya ndani ni nyepesi kuliko ya nje, vumbi litanyonywa. Kama ya ndani imejaa zaidi, itatoka yenyewe kwenye kila upenyo na kulifukuza vumbi.

Kwa hiyo unatakiwa kufanya kinyume: fungua hewa ya nje, weka feni namba mbili au tatu, funga madirisha yote. Hewa inavutwa kutoka chini ya kioo cha mbele, ambako hakuna vumbi maadamu hakuna gari mbele yako. Ukipishana na gari au ukalifuata kwa karibu, hapo ndipo unageuza ivute ya ndani, unasubiri wingu lipite, halafu unarudisha. Kurudisha ndiko watu wanakosahau. Mimi sasa nimempa kazi hiyo binti yangu, ana miaka tisa, anakaa mbele na kidole kwenye kitufe kama rubani msaidizi. Kuna malori ya ng'ombe huku yanavuta matrela matatu, mengine yanafika mita 53.5, na likishakupita unakaa gizani kweli kweli. Tunapunguza mwendo, au tunasimama kabisa pembeni tukiwa tumewasha taa. Hakuna haraka inayozidi kuona.

Na dirisha la mbele usilifungue hata kidogo. Mume wangu anapenda kulifungua kidole kimoja tu "tupate hewa". Hicho kidole kimoja kinanyonya hewa ya ndani kuipeleka nje, na nafasi yake inajazwa na vumbi kutoka nyuma. Tumeshagombana sana kuhusu hicho kidole.

Lakini feni peke yake haitoshi kama gari limetoboka, na letu lilikuwa limetoboka. Mzee aliniambia nichukue noti, niibane kwenye mlango, halafu niivute. Ikigoma, mpira wa mlango unakamata vizuri. Ikichomoka kirahisi, hapo panavuja. Nikazunguka gari zima na noti ya dola tano, ikawa inachomoka kila mahali. Nikakata tamaa, nikaona gari lote bovu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, maana noti za Australia ni za plastiki, zinateleza kwenye chochote. Nikakumbuka kwenye pochi nina noti ya buku ya nyumbani Tanzania, ile ya shilingi elfu moja yenye picha ya Nyerere, niliyoiweka kama kumbukumbu. Basi nikambana Mwalimu Nyerere kwenye milango yote mitano. Minne ilimkamata vizuri. Wa nyuma, pembe ya chini kushoto, alitoka kama anasalimia.

Pale mpira haukuwa umechakaa. Mlango wenyewe haukuwa unafunga mpaka mwisho. Kile chuma kwenye bodi kinachopokea kitasa kina boliti mbili. Mume wangu alizilegeza, akakisogeza ndani kama milimita mbili, akakaza. Sasa lazima uufunge kwa kuubamiza, majirani wanafikiri tumenuniana, lakini noti haitoki.

Upenyo mkubwa zaidi tuliuona usiku. Mume wangu aliingia nyuma ya gari, nikamfungia, nikalala chini uvunguni na tochi kali. Nikawa naipitisha polepole huku yeye akinong'ona kutoka ndani, "Hapana... hapana... HAPO!" Chini ya kapeti, karibu na taa ya nyuma, mwenye gari wa kwanza alitoboa tundu la kupitisha nyaya za trela, halafu hakuweka kizibo cha mpira. Tundu linapitisha dole gumba. Tukainua kapeti, tukakuta kichuguu kidogo chekundu kimejijenga pale, kimechongoka vizuri kama kazi ya mchwa. Mwaka mzima nilikuwa nalaumu mipira ya milango!

Tuliziba kwa kizibo cha mpira kilichobana nyaya, na silikoni pembeni. Tukaangalia pia matundu ya hewa nyuma ya bampa. Gari huwa na vipepeo vya mpira vinavyoruhusu hewa ya ndani itoke lakini vinajifunga isirudi. Usije ukaviziba kabisa, kwa sababu bila wao ile hewa ya feni haina pa kutokea na milango itakuwa migumu kufunga. Vya kwetu viwili vilikuwa vimekakamaa vikabaki wazi. Tukabadilisha.

Kuhusu kupaka mipira ya milango: nilikuwa nimeshashika kopo la mafuta ya mgando, dawa ya kila kitu kwetu, kuanzia midomo mpaka bawaba. Mzee akanizuia mkono. Mafuta ya namna hiyo yanalainisha mpira mpaka unavimba na kuharibika, na yanashika vumbi. Futa kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, kisha paka grisi ya silikoni, kidogo sana.

Filta nitazisema haraka. Ya ndani ya gari, kama lako linayo, ikijaa basi ule ujanja wote wa feni unakufa, kwa sababu hewa haipiti. Ya letu iko nyuma ya kabati la dashibodi na ilikuwa nene kama chapati ya maji. Ya injini tunaifungua kila jioni njiani, tunaigongagonga taratibu kwenye gurudumu, hatuipigi upepo wa kompresa kwa nguvu kwa sababu karatasi yake inatoboka na vumbi likiingia kwenye injini ni gharama ya kulia machozi. Tunabeba na mpya moja.

Baada ya yote hayo, bado siamini gari. Chakula kinakaa kwenye masanduku ya plastiki yenye mpira kwenye kifuniko. Nguo kwenye mifuko ya kufunga kwa zipu. Matandiko yote chini ya shuka kuukuu, na tukifika tunalikunja shuka kwa ndani, polepole, kama unavyokunja mkeka wenye makombo. Ukilikung'uta pale pale mlangoni umefanya kazi bure.

Julai iliyopita mtoto alitimiza miaka miwili. Keki nyingine, krimu nyeupe tena, mume wangu aliniambia nioke ya chokoleti kwa usalama nikakataa. Njiani tulizama kwenye tifutifu mara mbili, wingu likafunika gari zima mpaka kwenye vioo vya mbele, na binti yangu akabonyeza kitufe chake kwa wakati. Boulia nilifungua mlango wa nyuma huku nimefumba macho. Kwenye kizingiti kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu, upana wa penseli, nje ya mpira. Ndani nilipitisha kidole juu ya sanduku, kikatoka na vumbi kidogo, la kawaida, kama la juu ya kabati la nyumbani.

Keki ilikuwa nyeupe. Mdogo wangu hakuiangalia hata kidogo, alikuwa ameinama anachungulia pembe ya mlango. "Dada," akasema, "hiyo noti ya buku umekuja nayo? Nipe nijaribu kwangu."