Tarumbeta likishaoshwa, likaushe na ndani

Kuosha tarumbeta si kazi. Beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi ndefu, basi. Kazi ni kulikausha, hasa hapa Moshi mwezi wa sita na wa saba, mlima unapojifunika na jua kuchungulia kidogo mchana kisha likatokomea.

Mtunza vyombo wa kikundi chetu cha matarumbeta usharikani ni mimi. Vijana wangu wanafuta nje mpaka ling'ae, "tayari, mama", halafu sandukuni. Kwenye kona za bomba maji yamo vilevile! Shaba ya njano hailiwi na kutu kama chuma, lakini huota ukijani, na springi za pistoni, vile vibonyezo vya vidole, zikiwa za chuma ndizo huanza kuharibika. Tena kile kitambaa cha manyoya ndani ya sanduku kinakunywa unyevu na kukaa nao.

Maji ya mwisho ya kusuuzia nachota kwenye pipa la mvua, maana maji yenye chumvichumvi yakikauka huacha madoa meupe. Vibomba vyote navichomoa, navilaza mbalimbali. Bomba kubwa nalizungusha na kuliinamisha huku na huku mpaka liache kudondosha, kisha napitisha kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa kwenye kamba. Halafu barazani, mdomo mpana chini, lipigwe na upepo hadi jioni. Mafuta ya pistoni baadaye kabisa.

Wako wanaolipeleka kwa fundi pancha apulizie kompresa. Kwangu hapana: kompresa ile mara nyingi hutema maji na mafuta pamoja na upepo. Na jiko la mkaa ndiyo kabisa, litababua vanishi na kulegeza lehemu.

Likikauka, swali ni litalala wapi. Shaba ya matarumbeta mengi ni ileile ya maganda ya risasi: sehemu 70 shaba nyekundu, 30 zinki. Zamani jeshi la Uingereza kule India lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua, na maganda yakapasuka yenyewe bila kuguswa. Mwaka 1921 wataalamu walieleza chanzo chake: amonia ya mkojo wa farasi, ikisaidiwa na unyevu, hupenya shaba iliyokunjwa ambayo bado ina mvutano ndani yake. Tarumbeta nalo limekunjwa kila mahali. Na sisi Wachaga ng'ombe tunawafuga uani. Harufu ile inayowasha pua bandani asubuhi ndiyo hiyo amonia.

Mzee wetu apigaye besi, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, alikuwa akiliweka lake stoo, ukuta mmoja na banda. Nikamwambia, "Baba, hilo lilale sebuleni." Amekubali. Mkewe ndiye bado ananinunia, maana besi limechukua nafasi ya kochi la wageni.