Chukudu, waya na joto: kupima injini isiyotupa kitu nyuma

Simama juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, shika usukani, uvute kwa nguvu zako zote. Hutafika mtaa wa Birere. Hilo kila mtu wa Goma analijua bila kusoma fizikia. Hata hivyo wapo wanaodai wana injini inayojisukuma hivyohivyo, bila kutupa kitu nyuma wala kusukuma chochote nje yake. Tuone jinsi ya kuwapima.

Lakini jaribu hivi: tupa kiwiliwili mbele polepole, kisha kirudishe kwa ghafla. Chukudu itajongea kidogo, tena na tena, na mguu haujagusa chini. Ukisukuma polepole, msuguano wa magurudumu unashikilia. Ukisukuma kwa ghafla, unaachia. Kwa hiyo ni ardhi iliyosukumwa, wewe hukuiona tu. Mashine ya Norman Dean, Mmarekani aliyepewa hataza mwaka 1959, ilitembea sakafuni kwa hila hiyohiyo, na video nyingi za masanduku yenye mota zinazozunguka ni ukoo huohuo. Dawa yake ni kamba. Ning'iniza sanduku la kilo 5 kwa kamba ya mita 3. Kama kweli linatoa nyutoni 1 (nguvu kama uzito wa gramu 100), litasogea upande mmoja karibu sentimita 6 na kubaki hapo. Likiyumba huku na huku na wastani wake ukawa palepale pa mwanzo, hakuna injini.

Injini iitwayo EmDrive ni kesi ngumu zaidi, na ndiyo iliyowapumbaza wasomi. Mwingereza Roger Shawyer aliileta mwaka 2001: ndoo ya shaba yenye umbo la pia iliyokatwa ncha, imefungwa pande zote mbili, ndani kuna mawimbi ya maikrowevu. Hakuna kinachotoka. Mwaka 2016 kikundi kimoja cha NASA kilichapisha kipimo: milinyutoni 1.2 (milinyutoni ni sehemu ya elfu ya nyutoni) kwa kila kilowati, ndani ya ombwe, yaani pasipo hewa. Mitandao ikapiga vigelegele.

Tazama ukubwa wa kitu chenyewe. Taa ya kilowati moja inayomulika upande mmoja inasukumwa na mwanga wake kwa mikronyutoni 3.3 (mikronyutoni ni sehemu ya milioni ya nyutoni), na hiyo haina siri yoyote. Watu wa NASA walidai mara 360 ya hapo. Ila chombo chao kilitumia wati 80 tu kwa juu kabisa, kwa hiyo msukumo wenyewe ni kama mikronyutoni 100: uzito wa miligramu 10, haufikii punje moja ya mchele. Katika kiwango hicho kila kitu kinasukuma kila kitu.

Mwizi wa kwanza, anayejifanya msukumo wa injini, ni waya. Uga wa sumaku wa dunia hapa kwetu, ukiuhesabu kwa upande wa mlalo, ni karibu mikrotesla 30. Waya uliosimama wima wa sentimita 20, ukipitisha ampea 5, unasukumwa kwa mikronyutoni 30. Umeshapata theluthi ya ugunduzi, na ndoo hujaiwasha. Goma ina shida ya ziada: mawe meusi ya volkano, ambayo tunajengea kuta, yana madini ya sumaku. Pitisha dira polepole kando ya ukuta kabla ya kuweka mizani. Sindano ikicheza, hamia kwenye nyumba ya mbao. Kisha sokota pamoja waya wa kwenda na wa kurudi, na betri ipande juu ya mizani pamoja na chombo ili pasiwe na kebo inayotoka nje.

Mwizi wa pili ni joto, naye ni mbaya zaidi. Ndoo ya lita 10 iliyo wazi, kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500, ina hewa ya gramu 10 hivi. Ipashe nyuzi 3 tu: asilimia 1 ya hewa hiyo inatoka, uzito unapungua kwa gramu 0.1, yaani milinyutoni 1. Mara kumi ya kipimo cha NASA! Ombwe linaondoa hilo, lakini haliondoi shaba inayotanuka na kuhamisha kitovu cha uzito, wala mkono wa mizani unaopinda.

Joto linajulikana kwa mwendo wake. Msukumo wa kweli unakuja mara ukibonyeza swichi na unakufa mara ukizima. Joto linapanda taratibu na kushuka taratibu. Katika mchoro wa 2016 vyote viwili vimelaliana, na watafiti walivitenganisha kwa hesabu. Hapo ndipo ningesimamisha gari.

Mtafiti Martin Tajmar na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walifanya kazi chafu ambayo hakuna anayeishangilia. Mwaka 2018 walipunguza mawimbi yanayoingia kwenye ndoo mara 10,000, na “msukumo” ukabaki vilevile. Walielekeza ndoo upande usiopaswa kuonyesha chochote, na mizani ikaonyesha. Walimshuku waya. Mwaka 2021 walibadilisha jinsi chombo kilivyoning'inizwa ili joto lisiikunje mizani, na msukumo ukatoweka kabisa.

Wengine husema suluhisho ni kupima angani. Novemba 2023 setilaiti Barry-1 ilirushwa ikiwa na injini ya aina hii, isiyotupa kitu, ya kampuni ya IVO. Iliharibika kabla injini haijawashwa, basi haikusema ndiyo wala hapana.

Kuna pia hesabu ya nishati. Injini inayotoa nyutoni 1 kwa kilowati bila kutupa kitu, ikivuka kilomita 1 kwa sekunde, inazalisha nishati nyingi kuliko inayokula. Setilaiti za chini zinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Na hiyo kilomita moja inapimwa kulingana na nini? Wenye injini hizi hawajibu.

Tanga la jua, linalosukumwa na mwanga, lisichanganywe na haya. IKAROS ya Wajapani, mwaka 2010, ilisukumwa na mwanga unaotoka nje yake, kama mtumbwi unavyosukumwa na upepo wa Kivu. Na injini za ioni hutupa kitu: chombo Dawn kilibeba kilo 425 za gesi ya xenoni.

Kwa hiyo akija mtu na ndoo yake, usibishane naye nadharia. Mwombe aigeuze nyuzi 180. Mshale wa mizani lazima ugeukie upande wa pili. Halafu atoe ndoo, aweke mahali pake kipinga (kifaa kinachogeuza umeme kuwa joto tu) cha uzito uleule kinachokula wati zilezile kupitia waya uleule. Mshale ukisogea kama mwanzo, mmepima waya.