Daktari wa meno ndiye aliyegundua kwamba silali

Nilikwenda kwa daktari wa meno kwa ajili ya gego lililopasuka, basi. Akaniambia nifungue mdomo, akachungulia muda mrefu kuliko gego moja linavyostahili, kisha akauliza, "Baba, usiku unalalaje?"

Nikadhani ananipoza kabla ya sindano. Kumbe alikuwa ameona mambo. Alinipa kioo nijionee: meno ya nyuma yamesagika vichwa mpaka yamekuwa bapa, na kingo za ulimi zimejaa alama za meno, kama ukingo wa stempu. Nikisema "aaa", kimeo hakionekani, ulimi umeziba mlango wote. Akasema hayo peke yake hayathibitishi kitu, ila angependa kujua mwenzangu wa chumbani anasemaje.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa anasema miaka minne! Mimi ndiye niliyekuwa nabisha. Usiku huo nikamruhusu anirekodi kwa simu. Asubuhi nikasikiliza: ngurumo, ngurumo, halafu kimya. Nikaanza kuhesabu kile kimya kwa kujifurahisha. Nilipofika thelathini nikaacha kufurahi. Kisha ukaja mkoromo wa mtu aliyeibuka kutoka majini. Sijairudia tena ile sauti, na mke wangu amekataa kuifuta. Anasema ni ushahidi.

Hapo nyuma nilishashauriwa na kila mwenye mdomo. Kukoroma ni dalili ya usingizi mnono, waliniambia. Shona mpira mgongoni mwa fulana usilale chali: nilishona, nikajifunza kulala chali juu ya mpira. Shemeji yangu ndiye aliyenitia hasira zaidi. Alinishauri nipige glasi mbili kabla ya kulala "ili mwili ulegee". Mwili kulegea ndiyo shida yenyewe! Misuli ya koo ikilegea, ulimi unaanguka nyuma, njia ya hewa inajifunga, ubongo unakushtua uvute pumzi, unalala tena bila kukumbuka lolote. Pombe na baadhi ya vidonge vya usingizi vinaongeza kulegea huko. Kwa hiyo nililipia vinywaji ili nikabwe vizuri.

Daktari wa meno ana kifaa cha kuvaa mdomoni usiku kinachovuta taya mbele, lakini hakunitengenezea siku ile, na hapo ndipo nilipomwamini. Alisema kwanza nipimwe usingizi na daktari wa usingizi, kwa sababu kuna aina ya kukosa pumzi usingizini inayotokana na ubongo kutotoa amri ya kupumua, na hiyo taya haihusiki. Nikapimwa, waya kila mahali. Jibu: pumzi ilisimama au kupungua sana mara 22 kwa saa. Chini ya 5 huna neno, 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni wastani, zaidi ya hapo ni kali. Nilianzishiwa mashine ya kusukuma hewa yenye barakoa. Sitaisema vibaya, hiyo ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote, na mwenye ugonjwa mkali asije akamwambia daktari wake kwamba kanisoma mimi. Ila mimi nilikuwa naivua usingizini. Wiki tano mfululizo naikuta sakafuni inapulizia miguu ya kitanda.

Ndipo nikarudishwa kwa yule dada wa meno, safari hii na barua, anitengenezee kile kifaa. Akakagua ufizi kwanza, maana kifaa kinashikilia meno, na meno yanayotikisika hayawezi kuvuta taya usiku kucha. Kisha ikaja kuchukua chapa ya meno. Mimi mtu wa kutapika hata mswaki ukiteleza. Sinia lile la uji mzito liliingia, likagusa nyuma ya ulimi, nikalitema mpaka kwenye koti lake. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akaniambia, "Inua mguu wa kulia, uweke hewani, usiushushe, na upumue kwa pua." Nikaona ananitania. Lakini ukiwa umelala kwenye kiti kile, mguu hewani unatetemeka, akili yote inakwenda kwenye paja, koo inasahaulika. Uji ukaganda mimi bado napigana na mguu wangu. Nimewafundisha watu watatu ujanja huu na kila mmoja amerudi kunishukuru.

Kifaa chenyewe ni vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja juu kimoja chini, vimeunganishwa ili taya la chini litangulie mbele na kuuvuta ulimi utoke kooni. Mke wangu anakiita lijamu. Bei sitaitaja, kwa sababu yeye anajua nusu yake.

Wiki ya kwanza mto ulilowa mate. Hilo linapita. Lisilopita ni ujinga, na wangu ni huu: kuna skrubu ndogo na ufunguo wake, na kila zungusho husogeza taya robo milimita. Niliambiwa zungusho moja, nisubiri siku kadhaa. Nilipoona kukoroma kumepungua nikajiambia, kwa nini nisimalize leo? Nikazungusha mara nane. Asubuhi nikatoa kifaa, nikafunga mdomo, na meno hayakukutana. Ya mbele yanagongana, ya nyuma yananing'inia. Nilikaa kitandani nikitafuna hewa, taya inauma mpaka sikioni. Daktari alicheka kwanza, kisha akanirudisha nyuma zungusho zote nane. Akanikumbusha kile kijiplastiki cha kung'ata kila asubuhi ili taya lirudi mahali pake, ambacho mimi nilidhani ni kifuniko cha boksi. Sasa ninang'ata dakika kumi nikiwa natafuta soksi. Hata hivyo bado ananipima kila mara, maana kifaa hiki huweza kusogeza meno taratibu ukikitumia miaka.

Baada ya miezi mitatu nikapimwa tena, kifaa kikiwa mdomoni. Msiruke kipimo hiki; kukoroma kunaweza kwisha na pumzi bado zikawa zinakatika. Nilipata 6. Siamki tena kwenda chooni mara nne, na mkutano wa saa nane mchana nausikia wote. Mke wangu ndiye anayeamka sasa, ananiwekea mkono puani kuhakikisha nipo.

Shemeji aliposikia akaomba nimwazime lijamu kwa wikiendi moja. Nikamweleza kwamba limechongwa kwa meno yangu, nikampa namba ya yule daktari. Akaniambia hana haja, meno yake hayamuumi.