Silewi, ni thina

Saa kumi na mbili na nusu: chai, boflo, daladala mpaka Darajani. Kutoka hapo kompresa tunaisukuma kwa kigari, maana gari haiingii vichochoro vya Mji Mkongwe. Mie fundi wa vanishi, mwaka wa 14 huu, na pale barazani mtaani wanaamini nakunywa. Narudi macho mekundu, nayumba, nanuka. Waache.

Saa mbili hadi saa nne, msasa na vumbi. Basi.

Saa nne akaingia mwenye nyumba ya wageni. "Fundi, fungeni madirisha, wageni wanakunywa kahawa uani." Mzee wangu, nikamwambia, ndani ya thina tunayozimulia vanishi mna toluini, kemikali inayolevya. Mvuke wake mzito kuliko hewa, unajaa chumba kuanzia sakafuni, na ukiuvuta unapanda kichwani. "Si mna barakoa?" Yangu ni ya vumbi, mvuke unaipita kama haipo. Ya vichungi vya mkaa ninayo moja tu, kavaa kijana wangu. Saa nzima yeye anafunga, mie nafungua. Tukaishia dirisha moja. Dirisha moja, kabati ya milango minne!

Na masika haya. Thina ikiruka inaipoza vanishi, unyevu wa hewa unatua juu yake, mlango unakuwa mweupe utadhani umepakwa tui. Unatia thina ya polepole, unarudia. Ikawa saa saba, au nane, sikumbuki. Kichwa kilikuwa kinagonga. Kijana akataka kunawa kwa thina, nikampokonya kopo: ngozi nayo inakunywa. Akaomba hela ya maziwa ya kusafishia kifua. Nilimpa anywe ashibe, lakini maziwa yanakwenda tumboni, thina iko mapafuni na kwenye damu.

Alasiri kabati iling'ara, ukiinama unahesabu meno yako. Mzee akapitisha kidole, hakusema kitu. Kwake hiyo ndiyo sifa.

Nyumbani siingii ndani mpaka nivue shati uani.

Saa tatu usiku, simu. "Fundi, harufu haijatoka. Lakini usijali, nimeshafukiza udi."

Makaa ya moto, na mvuke wa thina unashika moto, chumba kimefungwa tangu tulipotoka.

"Kitoe nje hicho chetezo! Fungua madirisha yote!"

"Yote?"