Nilivyounganisha jedwali langu la G6PD, nikiwa Mtwara

“Nakili jina, bandika kwenye kanzidata nyingine, chukua la kwanza linalotokea.” Huo ndio ushauri niliopewa na kaka mmoja aliyenitangulia chuoni nilipotaka kuunganisha orodha za molekuli kutoka kanzidata mbili, na ulinila wiki mbili za likizo. Nausema mapema ili mwenzangu anayeanza leo asiufuate.

Mimi nafanya kazi ya maabara hapa Mtwara mjini na nasoma huku nafanya kazi. Mada yangu ni kimeng'enya cha G6PD. Upungufu wake ni wa kurithi, na unaonekana zaidi kwenye maeneo yaliyoishi na malaria miaka mingi, kama huku kwetu kusini. Mwenye upungufu akimeza dawa kama primakwini ya malaria, seli zake nyekundu zinaweza kupasuka. Nilitaka kuiona sababu molekuli kwa molekuli, sio kuikariri.

Kwa kifupi: G6PD inachukua glukosi-6-fosfeti (sukari ya glukosi iliyoshikana na fosfeti) na NADP+, inatoa laktoni na NADPH, ambayo ni NADP+ iliyobebeshwa elektroni. NADPH ndiyo inayoirudishia glutathioni, molekuli ndogo ya kinga, uwezo wa kulinda seli. Seli nyekundu ya damu haina mitokondria, kwa hiyo njia hii ndiyo tegemeo lake la NADPH.

Nikachukua orodha ya molekuli kutoka KEGG, nyingine kutoka Reactome (zote ni kanzidata za njia za kikemia ndani ya viumbe), nikaziweka kwenye Excel na kuziunganisha kwa majina. Karibu nusu ya mistari ikabaki haina mwenzake. Glukosi-6-fosfeti yenyewe, ambayo ndiyo mlango wa njia nzima, KEGG wameipa namba tatu: C00092 bila kutaja umbo, C00668 ya alfa na C01172 ya beta, yaani maumbo mawili ya sukari ileile yanayotofautiana mpangilio angani. Kwenye ramani ya glukosi kuvunjwa utaikuta alfa, na kwenye njia ya pentosi fosfeti, ambayo ndiyo njia ya G6PD, mlangoni iko beta. Nilikuwa nimechukua la kwanza lililotokea, kama nilivyoelekezwa.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Upande wa Reactome niliona glukosi-6-fosfeti imeandikwa zaidi ya mara moja, kila moja na namba yake. Nikasema hizi ni nakala. Nikafuta, nikabakiza moja, nikafurahi jedwali limepungua. Kesho yake nafuata hatua za ini linavyotoa glukosi, njia imekatika katikati. Nilikesha naitafuta hitilafu, bando linaisha naongeza, nadhani kwa siku zile nilitumia kama elfu ishirini hivi. Kumbe Reactome wanahesabu mahali pia. Glukosi-6-fosfeti iliyo kwenye saitosoli (majimaji ya seli) ni kitu kimoja, na iliyoingia ndani ya retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli) ni kitu kingine, kwa sababu kimeng'enya kinachoing'oa fosfeti kinafanya kazi huko ndani, na lazima isafirishwe kwanza. Mimi nilikuwa nimefuta safari yenyewe! Nikarudisha kila kitu, nikaongeza safu ya mahali.

Sasa njia iliyonitoa, ambayo najivunia kwa sababu niliigundua mwenyewe. Niliacha majina, nikaanza na kimeng'enya. Kwenye UniProt, kanzidata ya protini, namba P11413 ni G6PD ya binadamu. Kwenye ukurasa wake kuna sehemu ya mmenyuko unaofanyika, na pale kuna namba ya Rhea, kanzidata ya mimenyuko. Rhea inakupeleka ChEBI, kanzidata ya molekuli ndogo, kwa kila molekuli, na ChEBI inakupa InChIKey, yaani alama ya herufi inayotokana na umbo la molekuli. Herufi 14 za kwanza ni kiunzi: atomu gani imeshikana na ipi. Kundi la kati linabeba mpangilio wake angani, ndipo alfa na beta zinapoachana. Herufi ya mwisho kabisa inahusu protoni: N haijaongeza wala kupoteza protoni, M imepoteza protoni moja, L mbili.

Nikaikata ile alama vipande vitatu, kila kipande safu yake. Nikaunganisha kwa kipande cha kwanza tu. Alfa, beta na ile isiyotajwa umbo zikakaa pamoja, zote NBSCHQHZLSJFNQ. Kisha nikazitenganisha kwa kipande cha pili pale nilipohitaji. Nilipiga kelele mpaka mdogo wangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Herufi ya mwisho usiidharau. Rhea wanaandika molekuli kama ilivyo kwenye pH 7.3, kwa hiyo asidi nyingi utazikuta zimeshakuwa ioni. NADP+ ilinisumbua sana hapa: jina lina alama ya jumlisha, lakini pale chaji yake ni hasi tatu. Ile jumlisha ni ya pete ya nikotinamidi peke yake, sehemu moja tu ya molekuli. Fosfeti zake zinabeba chaji hasi zinazoizidi.

Na mtu akikuuliza molekuli ni ya kundi gani, soma vizuri mshale unaoiunganisha na kundi hilo. ChEBI wanatenganisha “ni aina ya” na “ina kazi ya”. Glutathioni ni aina ya tripeptidi (amino asidi tatu zilizoungana), na ina kazi ya antioksidanti, yaani kuzuia uharibifu wa oksidisho. Mimi nilikuwa nimeijaza antioksidanti kwenye safu ya makundi, msimamizi wangu akairudisha karatasi, na alikuwa na haki.

Mistari miwili ilikataa mpaka mwisho. Ilikuwa sukari ileile iliyofunguka pete ikawa mnyororo. Pete ikifunguka mshikamano wa atomu unabadilika, hivyo hata zile herufi 14 zinabadilika. Hiyo miwili nimeiunganisha kwa mkono, nikitazama michoro, na nimeandika pembeni kwamba ni kwa mkono.

Yule kaka ameniomba jedwali juzi. Nimemtumia. Safu ya majina iko ya mwisho kabisa, upande wa kulia.