Wimbo usiotunzwa

Jana mwanangu, akitazama video ya muziki wa Kichina kwenye simu yangu, kaniuliza, "Mama, mbona huyu gitaa lake kalilaza? Yule Mchina wa kwenye katuni alilisimamisha."

Si gitaa, ni pipa, ala ya nyuzi ya Kichina. Na huyo mpigaji yuko sahihi: kwingine China pipa husimamishwa pajani, lakini kwenye nanyin, muziki wa jadi wa kusini mwa mkoa wa Fujian, hulazwa, kama ilivyopigwa zama za wafalme wa Tang, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Watu wa Quanzhou, mji wa huko, wanajivunia hilo kupita UNESCO, walioutia muziki wao kwenye orodha ya urithi mwaka 2009.

Kuna mwaka niliwahi kuishi huko Quanzhou. Mama mwenye nyumba, niliyemwita Ayi, alinichukua jioni moja mpaka klabu ya mtaani kwao. Chai ya Tieguanyin, vikombe vidogo mno, wazee na viti vyao. Mwimbaji, mama wa makamo, kakaa katikati na paiban mikononi, vibao 5 vilivyofungwa kwa kamba. Upande mmoja pipa na sanxian, ala ya nyuzi 3, upande wa pili erxian, ala ya nyuzi 2, na dongxiao, filimbi ya mwanzi inayopulizwa wima.

Akaanza. Silabi moja tu. Nikanywa kikombe, Ayi akanijazia, silabi bado ile ile, inapanda, inajikunja, dongxiao inaifuata nyuma kama kivuli. Paiban imefumbuliwa, inangoja. Nami naikodolea macho, pumzi nimeibana. *Tak!* Mama wa watu hata kope hakupepesa.

Ayi akaninong'oneza kisa cha wimbo: Chen San, kijana wa Quanzhou, alijifanya msafisha vioo, akakivunja makusudi kioo cha kwao Wuniang, binti aliyempenda, ili awe mtumishi wao, alipe deni huku yuko karibu na binti. Kwetu Tanga, kisa kama hicho ukumbi mzima ungekuwa umesimama, noti juu, kila mmoja anajua wimbo unamlenga nani. Mkono wangu ulikwisha ingia mkobani. Lakini hakuna aliyenyanyuka kutunza, wala aliyepiga makofi.

Nikamuuliza Ayi, sasa mwimbaji atajuaje kwamba amependwa?

"Si umenyamaza?"

Nilinyamaza, ndiyo. Ila Kiminnan chenyewe, lugha ya wimbo, sikuwa nakijua hata neno.